Mbunge wa Miaka 19: Proscovia Oromait na Vijana wa Chama Tawala Mashariki mwa Uganda

Proscovia Alengot Oromait alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Usuk, wilaya ya Katakwi, mashariki mwa Uganda, katika uchaguzi mdogo wa Septemba 2012. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1993, akasoma katika sekondari ya St. Kalemba iliyoko Nazigo, wilaya ya Kayunga, na alikuwa ametoka tu kumaliza masomo hayo alipochukua bendera ya chama tawala, National Resistance Movement (NRM). Alipata kura 11,059, zaidi ya nusu ya kura zote, dhidi ya wagombea wengine wanane. Aliyemfuata, Charles Ojok Oleny, alipata 5,329. Magazeti na redio za ndani na nje ya nchi zikamtangaza kuwa mbunge mdogo kuliko wote barani Afrika.

Kiti hicho kilikuwa cha baba yake. Michael Oromait aliingia Bunge la Tisa mwaka 2011 na akafariki dunia Julai 2012, kipindi chake kikiwa kimetimiza mwaka mmoja na kidogo. Katiba ya Uganda haiachi pengo kama hilo likae muda mrefu. Nafasi ikiwa wazi, Katibu wa Bunge huiarifu Tume ya Uchaguzi ndani ya siku 10, na uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 60. Kwa familia iliyo katika msiba, siku hizo ni chache mno. Matanga hayajaisha na tayari kura za mchujo za chama zinabisha hodi, kisha uteuzi, kisha kampeni. Ndiyo sababu katika chaguzi ndogo za namna hii jina la marehemu huwa na uzito kuliko kawaida. Mgombea mpya anahitaji miezi kujulikana, lakini mtoto wa marehemu anajulikana tangu siku ya mazishi.

Wengi waliosikia habari za Usuk walijiuliza kama sheria inaruhusu. Inaruhusu. Katiba ya mwaka 1995 inamtaka mbunge awe raia, awe amejiandikisha kupiga kura, na awe na elimu isiyopungua kidato cha sita au inayolingana nayo. Haitaji umri wa chini, na kwa kuwa mtu hujiandikisha kupiga kura akiwa na miaka 18, huo ndio umri wa kuingia bungeni. Nafasi nyingine zilikuwa na masharti makali zaidi wakati ule. Mwenyekiti wa wilaya, yule ambaye Waganda humwita LC5, alipaswa kuwa na miaka 30 au zaidi, na Rais miaka 35. Kwa hiyo mwaka 2012 msichana wa miaka 19 kutoka Usuk aliweza kuketi Kampala kutunga sheria za nchi nzima, lakini asingeweza kuongoza wilaya ya Katakwi. Masharti hayo ya umri yalifutwa na marekebisho ya katiba ya Desemba 2017, yale yale yaliyoondoa ukomo wa miaka 75 kwa Rais.

Kuielewa kura ya Usuk kunahitaji kulielewa eneo lenyewe. Msafiri akitoka Kampala kwenda huko hupita Mukono, huvuka mto Nile pale Jinja, hukata kaskazini kwa barabara ya Tirinyi kuanzia upande wa Iganga mpaka Mbale chini ya mlima Elgon, kisha hupita Kumi na Soroti kabla ya kuelekea mashariki hadi Katakwi. Ni zaidi ya kilomita 300. Mbele ya Katakwi ni Karamoja, na jirani huyo ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya historia ya eneo. Kwa miaka mingi wafugaji wenye silaha walivuka mpaka kuiba ng'ombe, na familia nyingi za Waiteso zikaishia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Kabla ya hapo Teso, kanda ambamo Katakwi imo, ilikuwa na uasi dhidi ya serikali ya NRM kuanzia 1987 hadi miaka ya mwanzo ya 1990, na kidonda chake kikubwa ni Mukura, ambako Julai 1989 watu 69 walikufa baada ya kufungiwa na askari ndani ya behewa la treni. Mwaka 2003 waasi wa Lord's Resistance Army waliingia, na mwaka 2007 mafuriko yakameza mashamba.

Historia hiyo iliifanya Teso iwe ardhi ngumu kwa chama tawala. Katika uchaguzi wa rais wa 2006, Kizza Besigye wa Forum for Democratic Change (FDC) alimshinda Rais Yoweri Museveni huko. Mwaka 2011 upepo uligeuka na Museveni akalirudisha eneo upande wake. Amani iliyorejea ilichangia. Vyeo pia vilichangia: Jessica Alupo, mbunge mwanamke wa wilaya hiyo hiyo ya Katakwi, aliteuliwa mwaka 2011 kuwa Waziri wa Elimu na Michezo. Oromait alisimama wakati ambapo chama chake kilikuwa kimeanza tu kuota mizizi.

NRM si chama cha kihafidhina kwa jina. Uganda ina chama kingine kidogo kilichojiita Conservative Party, ambacho kwa miaka mingi kilihusishwa na mbunge wa Rubaga, John Ken Lukyamuzi. Lakini kwa tabia, chama kilichoshika dola tangu Januari 1986 ndicho kinacholinda mambo yaliyopo. Kinahimiza utulivu kabla ya mageuzi, kinaheshimu ukubwa wa umri na wa cheo, kinashirikiana na makanisa na misikiti katika masuala ya maadili, na hakipendi mabishano yafanyike hadharani. Kijana anayejiunga nacho huingia kwenye nyumba yenye wazee wengi na desturi ambazo hazijaandikwa popote. Anatarajiwa kuonyesha shukrani. Hilo ni muhimu kulikumbuka kabla ya kupima kazi ya mbunge yeyote kijana wa chama hicho.

Mwaka 2012 NRM kilimhitaji Oromait kama yeye alivyokihitaji. Mahakama zilikuwa zimetengua ushindi wa wabunge kadhaa wa uchaguzi wa 2011, na katika marudio chama kikawa kinapigwa kiti baada ya kiti. Kilishindwa Luweero, Entebbe na Bukoto Kusini. Kilishindwa pia Jinja Mashariki, ambako wakili Paul Mwiru wa FDC alimwangusha Nathan Igeme Nabeta. Jinja ni mji wa viwanda na wa shule, na wapiga kura wake wana desturi ya kuamua mambo yao bila kusubiri ishara kutoka Kampala. Baada ya vipigo hivyo, kushinda Usuk kwa zaidi ya nusu ya kura kulikuwa nafuu kubwa kwa chama, na sura changa ya mshindi ikawa tangazo zuri kwa vijana.

Siku ya kupiga kura Uganda ina mandhari yake, na mtu aliyezoea vibanda vya kufungwa hushangaa. Kituo mara nyingi ni uwanja wa shule au kivuli cha mti, na Teso kivuli hicho kwa kawaida ni cha mwembe. Mpiga kura hupewa karatasi yenye picha na alama za wagombea, huenda kwenye meza iliyotengwa peke yake uwanjani ambako limewekwa beseni la plastiki, huinama, huficha mkono wake ndani ya beseni na kutia alama. Basi ni la NRM, ufunguo ni wa FDC, jembe ni la Democratic Party. Kisha huikunja karatasi, huitumbukiza kwenye sanduku linaloonekana na watu wote, na kuchovya kidole wino. Jioni kura huhesabiwa pale pale, karatasi moja baada ya nyingine ikiinuliwa juu, na watu wanaozunguka kituo wanahesabu kwa sauti. Kwa njia hiyo kijiji hujua kilivyoamua kabla ya giza kuingia.

Oromait aliapishwa mwezi huo huo wa Septemba, Bunge likiwa chini ya Spika Rebecca Kadaga, mwanasheria kutoka Kamuli katika Busoga na mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho Uganda. Kadaga mwenyewe alikuwa mwakilishi wa Kamuli tangu 1989, kabla Oromait hajazaliwa. Mbunge huyo mpya akawa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu alijiunga na Uganda Christian University, Mukono, kusomea mawasiliano ya umma. Mukono ipo kwenye barabara ile ile ya kwenda Jinja, si mbali na Kampala, na hilo lilisaidia. Hata hivyo ratiba ilikuwa ngumu. Bunge la Uganda hukaa alasiri, kamati hukutana asubuhi, na wapiga kura wa Usuk walikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari, wakimsubiri kwenye misiba, harambee za kanisa na mikutano ya shule. Mbunge wa Uganda hupimwa huko nyumbani zaidi ya anavyopimwa kwa hotuba. Anaulizwa karo, jeneza, mabati ya zahanati. Mtu mzima mwenye biashara yake hulemewa na madai hayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulemewa zaidi, na si haki kumlaumu kwa kutopata sifa ya mzungumzaji mkubwa bungeni bila kuutazama mzigo aliobebeshwa.

Tena aliingia katika Bunge lililokuwa linachemka. Wiki alizoapishwa, wabunge wa pande zote walikuwa wanaigomea bajeti wakitaka zaidi ya shilingi bilioni 39 zitengwe kuajiri wahudumu wa afya kwa vituo vya ngazi ya chini. Kisha ukaja mswada wa mafuta ya petroli. Ugomvi ulikuwa juu ya kifungu kilichompa waziri mamlaka ya kutoa na kufuta leseni. Tarehe 7 Desemba 2012 mswada ulipita kwa kura 149 dhidi ya 39, na baadhi ya waliopinga walikuwa wana-NRM.

Miongoni mwa wabunge vijana wa chama hicho kutoka mashariki, aliyesikika kuliko wote wakati ule alikuwa Cerinah Nebanda wa Butaleja. Butaleja iko jirani na Mbale, kwenye tambarare za mto Manafwa, na inajulikana kwa mpunga wa Doho unaolimwa kwa umwagiliaji. Nebanda alikuwa na miaka ishirini na michache alipokitwaa kiti cha mwanamke wa wilaya mwaka 2011. Hakurithi kiti cha mzazi. Alimwangusha Dorothy Hyuha, waziri na mmoja wa vigogo wa makao makuu ya chama, mtu ambaye wengi waliamini hang'oki. Msichana asiye na cheo kumshinda waziri wa chama chake mwenyewe ni jambo zito, na Nebanda alilifahamu. Alifika Kampala akiwa na deni kwa wapiga kura wa Butaleja, na deni dogo sana kwa viongozi wa chama. Akasema. Alishambulia ufisadi, akawauliza mawaziri maswali ambayo wenzake waliyamung'unya, na akawa kipenzi cha watu waliochoshwa na wabunge wa kupiga makofi.

Tarehe 14 Desemba 2012, wiki moja baada ya kura ya mafuta, Nebanda alifariki dunia ghafla. Alikuwa na miaka 24. Kifo hicho kilitikisa nchi. Wabunge wengi hawakuiamini serikali na wakataka uchunguzi huru. Daktari wa uchunguzi wa maiti, Sylvester Onzivua, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kupeleka sampuli Afrika Kusini. Serikali baadaye ilitangaza kwamba vipimo vilivyofanywa nje ya nchi vilionyesha pombe na dawa za kulevya, na mwaka 2013 mahakama ilimtia mtu mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia. Wapo waliokubali, wapo ambao hawajakubali mpaka leo. Rais na wabunge walirushiana maneno makali hadharani, na baadhi ya wabunge waliozungumzia kifo hicho walihojiwa na polisi.

Pengo la Butaleja lilijazwa Februari 2013 na Florence Andiru Nebanda, dada wa marehemu, naye kwa tiketi ya NRM. Hapo ndipo hesabu ya jina la familia ilipojirudia kwa sura nyingine. Ndani ya miezi sita, majimbo mawili ya mashariki yalikuwa yamewapa jamaa wa marehemu viti vya marehemu, na yote mawili yaliwachagua wanawake wachanga. Tofauti ilionekana baadaye. Florence Nebanda alichaguliwa tena 2016 na tena 2021. Oromait alimaliza kipindi cha baba yake, na Bunge la Kumi lilipoanza Mei 2016 hakuwemo.

Tofauti hiyo haielezwi na huruma ya wapiga kura, kwa sababu huruma ilikuwepo pote pawili. Kiti cha mwanamke wa wilaya hushindaniwa na wanawake peke yao, na anayekikalia hupata nafasi ya kujijenga wilaya nzima. Jimbo la kawaida kama Usuk liko wazi kwa yeyote, pamoja na wanaume wenye mitandao ya miaka mingi. Na mtandao uliokuwa ukijengwa hapo ulikuwa na nguvu. Peter Ogwang, ambaye katika Bunge la Tisa alikuwa mbunge wa vijana wa kanda ya mashariki, aligombea Usuk mwaka 2016 na kushinda kwa bendera hiyo hiyo ya NRM. Jimbo lilipogawanywa, alihamia sehemu mpya ya Ngariam, akashinda huko mwaka 2021, na akaendelea kupanda katika serikali kama waziri wa nchi.

Njia ya Ogwang inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwani ndiyo njia rasmi ya vijana. Sheria ya Uganda humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi 30. Kuna mabaraza ya vijana kuanzia kijijini hadi taifa, na wajumbe wake huwa ndio wapiga kura wa wabunge watano wa vijana: mmoja kwa kila moja ya kanda nne, na mwanamke mmoja wa taifa. Kwa karatasi, huo ni mpango wa kuwapa vijana sauti. Kwa vitendo ni chuo cha siasa za chama. Wapiga kura ni wajumbe wachache wanaojulikana kwa majina, wanaosafirishwa kwa mabasi, wanaolazwa kwenye hosteli za pamoja na kulishwa mpaka siku ya kura, na chama chenye fedha na mpangilio hupata wepesi wa kuwashawishi. NRM kimetawala viti hivyo kwa muda mrefu. Baada ya Ogwang, kiti cha vijana cha mashariki kilikwenda kwa Ishma Mafabi, naye wa NRM. Kijana anayetoka huko huwa tayari anamjua kila mwenyekiti wa baraza katika wilaya za kanda, anajua nani anampigia nani simu, na anajua jinsi ya kusubiri. Oromait, aliyetoka darasani moja kwa moja, hakupata mafunzo hayo.

Nidhamu ya chama nayo ilikuwa inakazwa. Aprili 2013 NRM kiliwafukuza uanachama wabunge wanne waliopinga misimamo yake waziwazi: Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Barnabas Tinkasiimire na Muhammad Nsereko. Chama kikataka wapoteze na viti. Spika Kadaga alikataa kuvitangaza wazi, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na wanne hao wakabaki bungeni. Wote wanne walikuwa na majimbo waliyoyashinda kwa nguvu zao, kwa hiyo walikuwa na pa kusimama. Mbunge mchanga aliyeingia kwa jina la baba na fedha za chama asingekuwa na kinga kama hiyo, na kila aliyeitazama kesi ile kutoka viti vya nyuma alilielewa hilo bila kuambiwa.

Ugumu wa kurudi huanzia kwenye mchujo wa chama. Tangu 2010 NRM huwaacha wanachama wake wote kijijini wamchague mpeperusha bendera, badala ya wajumbe wachache. Mwaka 2010 na 2015 walitumia karatasi za kura. Septemba 2020 chama kilirudi kwenye mlolongo, wanachama wakijipanga mstari nyuma ya mgombea wao au picha yake na kuhesabiwa. Katika majimbo ambako NRM ni imara, mchujo huo ndio uchaguzi wenyewe, na anayeshindwa mara nyingi hugombea kama mgombea huru. Hata mawaziri hawako salama. Jessica Alupo alikipoteza kiti cha Katakwi mwaka 2016 pamoja na uwaziri wake. Alirudi 2021, na Juni mwaka huo akateuliwa Makamu wa Rais.

Mijini hadithi ni tofauti kabisa. Jinja Mashariki ilishuhudia Igeme Nabeta akirudi bungeni mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa ikitengua ushindi wake, na Mwiru akimshinda tena katika uchaguzi mdogo wa Machi 2018 kwa kura 6,654 dhidi ya 5,043. Kampeni hiyo ilimleta Jinja Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, aliyekuwa na miezi michache tu tangu achaguliwe mbunge wa Kyadondo Mashariki, na vijana wa mji wakamiminika kumsikiliza. Manispaa ya Mbale nayo ilikuwa mikononi mwa Jack Wamanga Wamai wa FDC kwa vipindi viwili, 2011 na 2016. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji, mipaka ikachorwa upya na viti vikaongezeka. Mwaka 2021 jiji la Jinja lilimchagua Manjeri Kyebakutika wa National Unity Platform kuwa mbunge mwanamke, huku Igeme Nabeta akirudi kupitia sehemu ya kusini mashariki. Jiji la Mbale lilimpa Connie Nakayenze Galiwango wa NRM kiti cha mwanamke, lakini kitongoji cha viwanda kikamchagua Karim Masaba, mgombea huru. Katika majiji haya kijana wa chama tawala hakuti njia iliyosafishwa. Mwendesha bodaboda wa Jinja au muuza nguo wa soko la Mbale hamjui baba yake mgombea, na hata akimjua hajali sana. Anataka kujua mgombea amefanya nini.

Kwingineko duniani kuna mifano inayofanana na wa Usuk kwa karibu. Nchini Marekani, Saira Blair alichaguliwa Novemba 2014 kuingia baraza la wawakilishi la jimbo la West Virginia akiwa na miaka 18. Alikuwa wa chama cha Republican, mhafidhina kwa kauli yake na kwa kura zake, na baba yake, Craig Blair, alikuwa seneta wa jimbo hilo hilo. Akiwa na miaka 17, alimshinda katika mchujo mbunge aliyekuwa akikikalia kiti. Naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini bunge la West Virginia hukaa siku 60 tu kwa mwaka, kuanzia mwanzoni mwa mwaka, hivyo Blair aliacha masomo kwa muhula mmoja na kurudi darasani kikao kilipokwisha. Alitumikia vipindi viwili na kuondoka 2018. Oromait hakuwa na nafuu hiyo, kwa kuwa Bunge la Kampala ni kazi ya mwaka mzima.

Kenya ina mfano wa upande wa pili. John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini, Meru, mwaka 2017 akiwa na miaka 23, mgombea huru na mwanafunzi, bila jina kubwa la ukoo nyuma yake. Alichaguliwa tena 2022, safari hii kwa tiketi ya chama cha UDA. Mwaka huo huo Linet Chepkorir, mwenye miaka 24, alishinda kiti cha mwakilishi wa wanawake wa Bomet kupitia chama hicho. Ukiwaweka Mwirigi na Cerinah Nebanda upande mmoja, na Oromait upande mwingine, inaonekana kwamba umri haukuwa kikwazo kwa yeyote kati yao. Kilichowatofautisha ni kwamba wawili wa kwanza walilazimika kutafuta kura zao nyumba kwa nyumba kabla ya chama chochote kuwatambua, na kazi hiyo ndiyo iliyowapa sauti.

Haifai hata hivyo kumhesabu Oromait kuwa jaribio lililoshindwa. Kabla yake, msichana wa Teso aliyemaliza kidato cha sita hakuwa na mtu wa kumwonyesha kidole na kusema huyu alifika. Alibeba jimbo lenye makovu ya vita na mafuriko kwa karibu miaka minne, huku anasoma, huku anaombolezea mzazi. Chama kilichomtumia kama sura yake changa kilipaswa kumpa mwongozo na muda kuliko kilivyompa, na lawama ya hilo inawahusu wakubwa wake.

Sheria iliyomruhusu haijabadilika: miaka 18, jina kwenye daftari la wapiga kura, na elimu ya kidato cha sita. Kilichobadilika ni gharama. Oromait alipojiandikisha mwaka 2012, ada ya uteuzi kwa mgombea ubunge ilikuwa shilingi 200,000. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2015 yaliipandisha hadi shilingi 3,000,000, na haizingatii kama mgombea ni mfanyabiashara wa Mbale au mhitimu wa kidato cha sita wa Usuk.